Sura ya Sita: Ng'ambo Imekuwa Mbali

Waliovuka asubuhi kwenda kazini hawakuweza kurudi kwa njia waliyojia. Ilikuwa Ijumaa, tarehe 16 Oktoba 2009, na mchana wa siku hiyo wakuu wa barabara walilifunga Daraja la Ziwa Champlain, linalounganisha jimbo la New York na jimbo la Vermont, kaskazini mashariki mwa Marekani. Hapakuwa na wiki ya kujiandaa. Wahandisi walikuwa wamesoma taarifa ya wapiga mbizi waliokagua nguzo chini ya maji, wakaona hakuna anayeweza kuapa kwamba daraja litasimama hadi Jumatatu. Vizuizi vikawekwa pande zote mbili. Mtu aliyeacha chakula cha jioni kikimsubiri Port Henry, upande wa New York, alijikuta Vermont akiuliza njia ya kurudi nyumbani anakoona kwa macho.

Njia ilikuwepo. Ilikuwa na urefu wa kilomita 160 hivi.

Kuelewa namba hiyo kunahitaji kulitazama ziwa lenyewe. Champlain ni refu na jembamba: karibu kilomita 190 kutoka kusini, ambako linaanza kama mfereji mwembamba karibu na mji wa Whitehall, hadi kaskazini, ambako linaingia Quebec nchini Kanada. Katika urefu wote huo, mtu wa gari aliyetaka kuvuka kutoka New York kwenda Vermont bila kupanda chombo cha majini alikuwa na chaguo tatu tu. Angeweza kuzunguka kusini kupitia Whitehall, kupanda hadi Rouses Point karibu kabisa na mpaka wa Kanada, au kupita hapa katikati, kati ya Crown Point na Chimney Point, mahali ambapo ziwa linajibana hadi pwani mbili zinakaribia kusalimiana. Wafaransa walijenga ngome hapo mwaka 1734, Waingereza wakaja na ya kwao mwaka 1759, na kabla yao wote wenyeji wa asili walikuwa wakivukia hapo kwa maelfu ya miaka. Kila aliyefika alitambua kwamba anayeshika kibano hicho ameshika ziwa.

Daraja lilifunguliwa tarehe 26 Agosti 1929. Gavana wa New York aliyehudhuria sherehe alikuwa Franklin D. Roosevelt, miaka michache kabla ya kuwa rais. Mhandisi wa daraja, Charles Spofford, alibuni muundo wa mihimili ya chuma inayoendelea juu ya nguzo bila kukatika, na katikati ukainuka kama upinde ili meli zipite chini. Wanafunzi wa uhandisi walikuja kulisoma kwa miaka mingi. Wenyeji walilitumia tu, kama mtu anavyoutumia mlango wa nyumba yake, na hawakuwa na sababu ya kulifikiria zaidi ya hapo.

Nataka kukaa kidogo kwenye hesabu ya magari, maana hapo ndipo serikali nyingi zinapokosea kuhusu vijiji. Daraja hili lilipitisha magari 3,500 hivi kwa siku. Kwa idara ya barabara ya jimbo lenye New York City, hiyo ni idadi ndogo mno. Miaka miwili kabla, tarehe 1 Agosti 2007, daraja la barabara kuu ya I-35W mjini Minneapolis liliporomoka jioni watu wakitoka kazini, likaua watu 13. Lile lilikuwa likipitisha magari 140,000 hivi kwa siku, mara arobaini ya Champlain. Ukipanga madaraja kwa idadi ya magari, la Minneapolis linakaa juu kabisa ya orodha na la Champlain huku chini, karibu na kalvati.

Lakini fikiria nini kilitokea kwa magari ya Minneapolis. Msiba ulikuwa mkubwa na hakuna hesabu inayoufuta. Kwa upande wa safari peke yake, hata hivyo, mji ule una madaraja mengine mengi juu ya Mto Mississippi, mengine umbali wa dakika chache tu. Madereva walikasirika, foleni zikarefuka, kisha watu wakazoea njia mpya. Daraja jipya lilifunguliwa Septemba 2008, miezi kumi na tatu na nusu tangu lile la kwanza lianguke. Kwenye Ziwa Champlain hakuna aliyekufa, hakuna kilichoporomoka, na habari haikukaa sana kwenye televisheni za kitaifa. Ila kila gari kati ya yale 3,500 liliambiwa liongeze safari ya saa mbili au zaidi, au libaki nyumbani. Uzito wa daraja uko kwenye umbali wa daraja linalofuata. Hilo halipimwi na kile kimpira cheusi ambacho idara hutandaza barabarani ili kuhesabu magurudumu.

Na kwa nini watu wa huko walihitaji kuvuka kila siku? Hapa lazima turudi nyuma kidogo. Upande wa New York, katika eneo la Moriah na Port Henry, kulikuwa na migodi ya chuma iliyolisha familia kwa vizazi. Mgodi wa mwisho wa Mineville ulifungwa mwaka 1971. Nyuma ya miji hiyo kuna milima ya Adirondack na hifadhi yake kubwa, ambako sheria za ardhi zinabana sana ujenzi. Kwa hiyo watu wakatazama mashariki. Ng'ambo, Vermont, kulikuwa na Middlebury yenye chuo na hospitali, na Vergennes yenye kiwanda cha vifaa vya ndege. Nyumba zilikuwa nafuu magharibi, kazi ziko mashariki, na kati yao daraja la dakika mbili. Taratibu, bila mtu yeyote kupanga, pwani mbili za majimbo mawili tofauti zikawa makazi mamoja. Ramani ilionyesha mpaka. Wenyeji walikuwa na sehemu ya kulala na sehemu ya kufanyia kazi.

Kwa hiyo daraja lilipofungwa, lilikata katikati ya siku ya mtu.

Chukua muuguzi anayeishi Port Henry na kufanya kazi Middlebury. Huyu ni mfano tu, lakini wa aina yake walikuwa wengi. Kabla ya Oktoba 16, safari ilimchukua chini ya saa moja. Baada ya hapo alikuwa na mambo mawili ya kuchagua. La kwanza ni kuzunguka Whitehall: zaidi ya saa mbili kwenda na zaidi ya saa mbili kurudi, kwenye barabara za vijijini zenye kona, kulungu wanaokatiza usiku, na kuanzia Novemba, theluji. La pili ni kupanda kaskazini hadi Essex na kuvuka kwa feri hadi Charlotte, kisha kushuka tena kusini. Feri yenyewe inavuka kwa dakika ishirini na ushee, lakini kuna kusubiri, na inapofika zamu ya magari mia yaliyokuwa yakipita kwingine, kusubiri ndiyo safari yenyewe. Kulikuwa pia na feri ya Ticonderoga upande wa kusini, ile inayoongozwa na nyaya kutoka pwani hadi pwani. Hiyo kwa kawaida hufanya kazi msimu wa joto tu, na ziwa likianza kuganda inalala.

Mwenye zamu ya saa kumi na mbili akiongezewa saa nne au tano za barabarani anabakiwa na nini? Anabakiwa na saa saba au nane za kulala, kula, kuoga, kumsaidia mtoto kazi za shule na kugombana na mwenzake kuhusu pesa za mafuta. Wengine walipanga vyumba ng'ambo au wakalala kwa jamaa na marafiki siku za kazi, wakawa wageni nyumbani kwao. Nyumba iliyonunuliwa kwa sababu iko karibu na kazi ikawa nyumba iliyo mbali na kazi bila kusogea hata futi moja, na bei yake ikajua hilo kabla ya mwenyewe kulikubali.

Angalia pia nani anaumia zaidi. Mhasibu angeweza kuomba afanyie kazi nyumbani siku mbili tatu. Profesa angeweza kupanga vipindi vyake vyote Jumanne na Alhamisi. Anayesafisha wodi, anayepika jikoni hospitalini, fundi wa kiwandani na mkamuaji wa ng'ombe hawana kazi inayofanyika kwa kompyuta. Wenye kipato kidogo ndio waliokuwa na safari za lazima zaidi, magari ya zamani zaidi, na akiba ndogo zaidi ya kumwaga kwenye tangi. Gharama ya kufungwa kwa daraja ilitozwa sawasawa kwa kila gari, kama kodi ya kichwa.

Kuhusu wakulima, mambo yalikuwa magumu kwa namna ambayo mtu wa mjini hawezi kuifikiria haraka. Kaunti ya Addison, upande wa Vermont, ni mojawapo ya vitovu vya ufugaji wa ng'ombe wa maziwa katika jimbo hilo. Wapo waliokuwa na mashamba pande zote mbili za ziwa: zizi huku, mahindi na majani kule. Oktoba ni mwezi wa kukata na kusafirisha mahindi yanayoshindiliwa kwa ajili ya lishe ya majira ya baridi. Trekta linaloburuta tela la malisho linakwenda taratibu. Kuvuka daraja nalo ni dakika chache, ila kuzunguka nalo kilomita 160 ni kichekesho. Unalazimika kukodi lori, na kukodi lori kunamaliza faida yote ya kulima shamba la ng'ambo.

Kisha kuna samadi. Sheria ya Vermont inakataza kumwaga samadi mashambani kuanzia Desemba 15 hadi Aprili 1, ili isisombwe na theluji inayoyeyuka ikaingia ziwani. Kwa hiyo vuli ndiyo wakati wa kumwaga mashimo ya samadi, na kila mfugaji ana hesabu yake ya ekari na galoni. Ukiondoa ghafla mashamba ya ng'ambo kwenye hesabu hiyo, shimo linajaa na kalenda haisogei. Ng'ombe, kwa upande wao, hawakupata taarifa kwamba daraja limefungwa.

Na mwaka wenyewe ulikuwa mbaya kuliko yote. Mwaka 2009 bei ya maziwa Marekani ilianguka chini ya gharama ya kuyazalisha, na wafugaji wengi walikuwa wakikamua kwa hasara ili tu wasiuze mifugo. Uchumi wa nchi nzima ulikuwa umeyumba tangu mwaka uliotangulia. Daraja halichagui wakati wa kufungwa, lakini kama lingechagua kwa nia ya kuumiza, lingechagua vuli ile.

Biashara ndogo za kando ya barabara ziliumia kwa utaratibu tofauti. Mgahawa ulio karibu na mwisho wa daraja huishi kwa wapita njia. Kahawa ya asubuhi, mafuta ya gari, tiketi ya bahati nasibu, sandwichi. Barabara iliyokuwa njia kuu ikawa kichochoro kisichotokea popote, na hakuna anayepita kichochoro kwa bahati mbaya. Wenye maduka walipunguza saa, wakapunguza watu, na wengine wakafunga milango wakisubiri. Hapa mtu anaweza kuuliza: mbona wakazi wa upande huohuo wasinunue zaidi? Kwa sababu miji yenyewe ni ya watu elfu chache kila mmoja, na nusu ya duara la wateja lilikuwa majini. Chora duara kuzunguka duka lililo pwani, kisha futa kila kilicho ng'ambo.

Vikosi vya zimamoto vya vijijini huko ni vya watu wa kujitolea, na vimezoea kusaidiana kikosi kimoja kinapozidiwa. Msaada wa jirani wa ng'ambo ulikuwa dakika kadhaa. Sasa ungefika kukiwa majivu. Magari ya wagonjwa yalilazimika kufikiria upya wapi pa kumpeleka mtu. Sitatia chumvi hapa: hospitali zilikuwepo pande zote mbili, na mipango ya dharura ilipangwa upya haraka. Lakini mtu mwenye daktari wake wa moyo au kliniki yake ya ujauzito upande wa pili alijikuta akichagua kati ya daktari anayemfahamu na barabara anayoiogopa.

Sasa, kwa nini lilifungwa kwa namna ile? Wapo waliosema wakati huo kwamba serikali imetishika kupita kiasi, kwamba daraja lililosimama miaka themanini lingeweza kusimama miezi mingine sita. Nimeisikia hoja hii kwenye madaraja mengi, na nadhani kwa hili ilikuwa na kosa. Nguzo zilikuwa za zege tupu lisilo na nondo ndani. Mwaka 1929 hilo lilikubalika. Lakini maji ya ziwa lile huganda na kuyeyuka kila mwaka. Yanaingia kwenye vinyufa, yanaganda, yanatanuka, yanapanua ufa, na masika yanaingia zaidi. Barafu inayosukumwa na upepo inasugua nguzo kwenye usawa wa maji. Juu yake, sehemu ambazo mihimili ya chuma ilipaswa kuteleza kidogo inapotanuka kwa joto na kunywea kwa baridi zilikuwa zimekwama kwa kutu. Chuma kisichoweza kuteleza kinasukuma nguzo, na nguzo isiyo na nondo haina kinachoishikilia inaposukumwa. Inaweza kukatika bila kuonya kwanza kwa kupinda.

Miezi kadhaa kabla, kazi za ukarabati zilikuwa zimelifanya daraja lipitishe magari upande mmoja kwa zamu. Mpango wa kulibadilisha ulikuwa unajadiliwa kwa mwendo wa kawaida wa serikali, yaani miaka. Hilo ndilo la kulaumiwa, kama unatafuta wa kulaumu. Daraja lilikuwa mali ya majimbo mawili, mbali na Albany na mbali na Montpelier, miji mikuu ya majimbo hayo, mwishoni mwa orodha ya kila moja. Mtoto wa watu wawili hukosa chakula kila mmoja akidhani mwenzake amempa. Baada ya Minneapolis hakuna mhandisi aliyekuwa tayari kutia sahihi yake chini ya neno "pengine", na uchunguzi ulipokamilika ilionekana kwamba hata kuwapandisha mafundi juu yake kulikarabati ni hatari. Uamuzi wa kulibomoa ulitangazwa Novemba. Tarehe 28 Desemba, siku 73 baada ya kufungwa, lililipuliwa kwa baruti na kuanguka ziwani, watu wakitazama kutoka pwani katikati ya baridi.

Mpaka hapo watu walikuwa bado hawana njia ya kuvukia. Ucheleweshaji huo wa majuma ya kwanza ndio uliotia uchungu zaidi kuliko miaka miwili iliyofuata, na nadhani kuna sababu. Shida yenye tarehe ya mwisho inavumilika. Katika vuli ile hakuna aliyejua kama atahitaji mpango wa mwezi mmoja au wa miaka mitano, na mtu asiyejua hawezi kupanga chumba, hawezi kubadili kazi, hawezi kuuza nyumba, hawezi hata kununua gari linalokula mafuta kidogo. Walikuwepo waliouliza kuhusu daraja la muda. Ziwa ni pana mno hapo, lina kina, na lina barafu. Jambo hilo halikwenda mbali.

Jibu lilikuwa feri. Tarehe 1 Februari 2010, siku 108 tangu kufungwa, feri ya muda ilianza kuvuka pembeni ya mahali daraja lilipokuwa, usiku na mchana, bila nauli, majimbo yote mawili yakilipa. Inaonekana rahisi ukiisoma. Ilibidi kuchimba kina cha kutosha kwenye pwani mbili zisizokuwa na gati, kujenga gati zenyewe na barabara za kuingilia katika eneo ambalo kila koleo la udongo linaweza kutoa mabaki ya karne ya kumi na nane, na kuhakikisha barafu ya Februari haifungi njia. Wahusika walifanya kwa miezi michache kazi ambayo kwa kawaida ingemaliza mwaka kwenye makaratasi peke yake. Nawapa haki yao.

Msomaji aliyewahi kukaa kwenye foleni ya pantoni Kigongo, kabla ya daraja la Busisi kufunguliwa mwaka 2025, au aliyewahi kusukumwa Likoni saa za jioni, hahitaji kuelezwa tofauti ya kivuko na daraja. Kivuko kina ratiba hata kinapokuwa cha saa ishirini na nne. Kina upepo mkali, kina ukungu, kina hitilafu, kina gari lililokutangulia. Lakini kivuko cha bure kinachovuka kwa dakika chache kilirudisha siku ya mtu karibu na umbo lake la zamani. Muuguzi wetu wa Port Henry sasa alikuwa na kama saa moja na robo badala ya mbili na nusu. Matrekta yakavuka. Maduka yaliyofunga yakaanza kuchungulia nje. Tofauti kati ya Januari na Februari ya mwaka ule ilikuwa kubwa kuliko tofauti kati ya kuwa na feri na kuwa na daraja, na hilo ni jambo ambalo wanaopanga dharura za barabara wangelitilia maanani kama wangewauliza wanaovuka badala ya kuhesabu wanaovuka.

Kuna jambo moja la ajabu lililotokea katikati ya mateso haya, na ndilo linalonifanya niandike sura nzima kuhusu daraja lisilojulikana sana. Desemba 2009, hata kabla ya lile la zamani kulipuliwa, wahandisi waliwaletea wananchi michoro sita ya daraja jipya wachague. Kulikuwa na mikutano Ticonderoga na Vergennes, na maoni yakakusanywa pia kwa intaneti. Watu walioshindwa kufika kazini walifika mkutanoni. Waliochagua walichagua tao: daraja lenye tao la chuma katikati, lililoshikilia barabara kwa nyaya zinazopishana, lenye mwinuko unaokumbusha lile la Spofford. Lilibuniwa na kampuni ya HNTB, mbunifu mkuu akiwa Ted Zoli. Serikali ingeweza kuchagua mhimili wa kawaida wa bei nafuu na kusema dharura hairuhusu urembo. Haikufanya hivyo.

Ilibidi pia likae palepale. Ngome za Crown Point upande mmoja na Chimney Point upande wa pili ni maeneo ya kihistoria yanayolindwa, hakukuwa na pa kulisogeza. Hii ndiyo sababu, kwa wanaouliza, haikuwezekana kulijenga jipya pembeni huku la zamani likiendelea kutumika hata kama lingekuwa zima.

Kampuni ya Flatiron ilipewa kazi kwa dola milioni 69.6 na ujenzi ukaanza katikati ya 2010. Tao lilijengwa Port Henry, nchi kavu, kisha tarehe 26 Agosti 2011 likaelea juu ya matishari hadi mahali pake na kuinuliwa kwa jeki: mita 122, uzito wa tani 900 hivi. Ilikuwa miaka 82 kamili tangu Roosevelt na wenzake wafungue lile la kwanza, ingawa tarehe hiyo iliangukia hapo kwa ratiba ya ujenzi tu. Siku mbili baadaye kimbunga Irene kilipiga Vermont na kuzoa madaraja mengi madogo ya jimbo hilo. Masika ya mwaka huohuo ziwa lilikuwa limepanda hadi kiwango ambacho halikuwahi kupimwa nacho kabla, na kazi ikachelewa kidogo. Tarehe 7 Novemba 2011, Jumatatu, magari yakapita.

Ilikuwa miaka miwili na majuma matatu. Kwa kiwango cha ujenzi wa madaraja Marekani, huo ni mwendo wa kasi sana. Kwa mtoto aliyekuwa darasa la kwanza, ni muda wa kutosha kumsahau rafiki wa ng'ambo. Watu wakibadili daktari hawarudi kwa urahisi. Aliyeacha kazi Middlebury akapata nyingine Ticonderoga yenye mshahara mdogo, mshahara huo ndio uliobaki. Kila mwenye duka anajua kwamba mteja akizoea kwingine kwa miaka miwili, kufungua barabara peke yake hakumrudishi.

Lile la zamani halikuwa na njia ya waenda kwa miguu. Aliyetaka kuvuka bila gari alipita pembezoni mwa lori na sala mdomoni. Kwenye mikutano ile ya mwaka 2009, pamoja na hasira zote za kilomita 160, wananchi walilizungumza hilo pia, na daraja jipya lina njia za miguu pande zote mbili na nafasi ya baiskeli. Hakuna hesabu ya magari inayoweza kuhalalisha njia mbili za miguu kwenye daraja la vijijini lililo mbali na mji wowote mkubwa. Zipo kwa sababu waliozitaka walikuwa ndani ya chumba michoro ilipobandikwa ukutani, na kwa sababu baada ya miezi miwili ya kuzunguka Whitehall hakuna ofisa aliyekuwa na uso wa kuwaambia kwamba wanataka mengi. Mei 2012 jumuiya za pwani zote mbili ziliandaa sherehe ya siku mbili, na siku hizo watu walivuka kwa miguu kutoka jimbo hadi jimbo, wengi wao kwa mara ya kwanza katika maisha yao.